Gari linapiga kelele ukiwasha: jua kwanza ni sekunde ipi, ndipo ununue spea

Kelele za wakati wa kuwasha zina ubaya mmoja: hazikusubiri. Zinatoka sekunde mbili tatu, kisha kimya. Ukizima ukawasha tena papo hapo huzisikii, maana oili imeshapanda juu, unyevu kwenye mkanda umeshakauka, chuma kimeshaanza kupata joto. Mtu anafika gereji anasema, "Fundi, asubuhi lilikuwa linalia vibaya sana," nami nikipiga stata (ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) gari linawaka bila neno. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Fundi asiyesikia kitu anaanza kubahatisha, na anayebahatisha mara nyingi huanza na stata.

Mimi simwulizi mwenye gari kwanza sauti ilikuwaje. Namwuliza ilitoka lini. Kabla injini haijazunguka? Wakati stata inaizungusha? Pale iliposhika? Au ilipokuwa imeshawaka? Jibu hilo peke yake linaondoa washukiwa wengi. Stata ikishaachia haina kazi tena, kwa hiyo kelele ya dakika ya pili si yake, hata kama inatokea upande ilipofungwa.

Jiandae kabla ya kugusa swichi

Gari lilale usiku kucha bila kuwashwa. Kila asubuhi unapata nafasi moja tu ya kusikia injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo usiitumie ukiwa umeketi ndani, vioo vimefungwa na redio inaimba. Tafuta mtu akuwashie wewe usimame nje. Boneti wazi, breki ya mkono juu, gia huru, au P kama ni otomatiki. Lisiwe ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Mtandio, tai, mikono mirefu na nywele ndefu vikae mbali na mkanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, usiiamini.

Washa kurekodi kwenye simu kabla mwenzako hajapiga stata, uache mpaka injini itulie. Kurekodi kunasaidia kuliko watu wanavyodhani: unaweza kurudia sekunde ile ile mara nyingi upendavyo na kusikia kama kelele ilianza stata ikiwa bado inalia au ilipokwisha kuachia. Asubuhi ya kwanza simama mbele, upande wa mikanda. Inayofuata simama upande injini inapoungana na giaboksi, ambako ndiko stata inakaa kwenye magari mengi. Baada ya hapo nenda nyuma kwenye bomba.

Unapofungua swichi, kabla ya kupiga stata, utasikia mvumo mdogo kutoka nyuma kwa sekunde kama mbili. Hiyo ni pampu ya mafuta inajaza presha. Uache.

Injini haizunguki, inagonga tu

Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, karibu kila mara moto, yaani umeme, hautoshi. Solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavutwa, inafunga njia ya stata, stata inadai ampea 100 hadi 200 au zaidi kwa mpigo mmoja, volti inaporomoka, solenoidi inaachia, volti inapanda, inavutwa tena. Huo mzunguko ndio unaousikia. Stata yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Chukua mita. Betri iliyopumzika na iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha, ichaji kwanza kabla ya kuhukumu kitu kingine. Kisha pima wakati mwenzako anapiga stata: isishuke chini ya 9.6. Ikisoma 12.6 imepumzika halafu ikaanguka hadi 7 au 8 ukipiga stata, betri imechoka ndani hata kama inaonekana imejaa.

Betri ikiwa nzima, nenda kwenye vichwa vyake. Hapa naomba usiharakishe. Kichwa kinaweza kuwa kimekaza kwa nje na huku katikati ya risasi (nguzo ya betri yenyewe) na kishikizo (kichwa cha waya) kuna utando mweusi ambao taa zinaupita bila shida lakini stata haiupiti. Weka ncha moja ya mita juu ya risasi yenyewe ya chanya, siyo kwenye kishikizo, na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, mwenzako apige. Unapima kinachopotea njiani. Ikizidi nusu volti, waya au kiungo kina tatizo. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kutoka risasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini: hapo 0.2 ni kawaida, ikipanda sana kuliko hapo fuata waya wa athi unaoshika injini na bodi. Waya huo husahaulika, nao hula kutu chini ya bolti mahali ambapo jicho halifiki.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, halafu chanya. Maji ya moto yenye magadi ya kuokea yanaondoa ule unga mweupe au wa kijani. Sugua risasi na ndani ya kishikizo mpaka chuma king'ae, kausha, funga chanya kwanza na hasi mwisho, kisha paka grisi kwa juu. Macho yakae mbali, vaa miwani kama unayo, kwa sababu ule unga una asidi.

Ukisikia *tak!* moja nzito halafu kimya, washa taa za mbele kisha piga stata. Taa zikibaki na mwanga uleule, moto haupiti kwenda kwenye mota: shuku vipande vya shaba ndani ya solenoidi, vinaliwa kila unapopiga stata, na kwenye stata nyingi vinabadilishwa bila kununua stata nzima. Taa zikififia sana, moto unakwenda lakini kitu kimeng'ang'ania: betri dhaifu, stata imekwama, au injini yenyewe haizunguki. Kugonga stata kidogo kwa mpini wa nyundo kunaweza kuliwasha gari lako ukafika nyumbani. Likiwaka kwa njia hiyo, mara nyingi kaboni za stata (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha. Itoe wiki hiyohiyo.

Krrrr ya chuma kwa chuma

Hii ndiyo inayowatisha watu kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Ndani ya stata kuna kigia kidogo, sisi tunakiita bendiksi pamoja na klachi yake. Ukipiga stata kinasukumwa mbele, kinaingia kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, ndipo mota inazunguka. Kikiingia nusu, au meno yakiwa yameliwa, unasikia mkwaruzo. Kikiingia vizuri lakini klachi yake inateleza, utasikia stata inazunguka bure, *wiiii*, na injini imekaa tu.

Kuna dada aliniletea gari la petroli lililokuwa linakwaruza siku moja moja. Alikwishafungiwa stata mpya kwingine na bado likakwaruza. Neno "siku moja moja" ndilo lililonipa mashaka, maana stata mbovu mara nyingi haichagui siku. Nilitoa ile stata, nikamulika tochi kwenye tundu lake, msaidizi akawa anazungusha puli ya krankshafti (shafti kuu ya injini) taratibu kwa spana. Meno yakapita mazima, mazima, mazima, halafu yakaja kama saba au manane yaliyoliwa upande mmoja hadi yamechongoka. Baada ya nusu mzunguko yakaja mengine ya namna hiyohiyo.

Injini haisimami popote tu ukiizima. Hewa inayobanwa ndani ya silinda huirudisha karibu na sehemu zilezile, na kwa injini ya silinda nne sehemu hizo ni mbili, moja mkabala na nyingine. Kwa hiyo stata inapiga meno yaleyale miaka yote, na mengine hayapigwi namna hiyo. Injini ikisimama penye meno mazima gari linawaka kimya. Ikisimama penye ubovu linakwaruza.

Unaweza kulipima hili bila kufungua kitu. Siku likikwaruza, acha kupiga stata. Kwa gari la gia za mkono, funga swichi, weka gia ya nne, achia breki ya mkono, lisukume kidogo mpaka uhisi injini imesogea, rudisha gia huru, funga breki, piga stata. Kwa otomatiki zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli, ukifuata upande inakozunguka kawaida. Likiwaka bila mkwaruzo baada ya kusogezwa, tatizo ni ringi ya meno ya flaiwili, na stata mpya haitakusaidia. Ringi inabadilishwa kwa kushusha giaboksi, kazi kubwa, hivyo hakikisha kwanza. Na kama bendiksi nayo imeliwa, badilisha vyote kwa pamoja, kwa sababu kigia kilicholiwa kinakwangua meno mapya.

Kabla ya yote hayo kagua bolti za stata. Mara nyingi ni mbili au tatu, na moja ikilegea stata inakaa upande na kukwaruza kana kwamba meno yamekwisha.

Mkwaruzo au mlio mkali unaokuja baada ya injini kushika, huku umeshaachia ufunguo, ni jambo la kuzima mara moja. Stata haijaachia, inazungushwa na injini kwa kasi ambayo haikutengenezewa. Chanzo kinaweza kuwa solenoidi iliyong'ang'ania au swichi ya ufunguo isiyorudi. Ukizima na stata ikaendelea kuzunguka, fungua hasi ya betri bila kuchelewa.

Mlio wa mkanda

Injini ikishashika tu, alteneta, inayochaji betri, inaanza kurudisha moto ulioliwa na stata, na mzigo wake unakuwa mkubwa. Mkanda uliolegea au kuchakaa unateleza hapo hapo, unapiga yowe sekunde kadhaa kisha unanyamaza. Asubuhi yenye umande unazidi.

Kipimo ni chupa ya kunyunyizia maji. Injini ikiwa inanguruma polepole na mlio upo, nyunyiza kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, mkono ukiwa mbali. Mlio ukipotea kisha ukarudi baada ya muda mfupi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Ukiongezeka, mkanda unateleza: tazama tenshena, kile kinachoukaza. Mikanda ya miaka hii haipasuki kama ya zamani, inaisha mifereji kimyakimya, kwa hiyo kutoona nyufa hakumaanishi ni mzima. Mkanda ukiwa umelowa oili au maji ya rejeta, ziba mvujo kwanza, la sivyo mpya utalowa vilevile. Na tafadhali usiupulizie dawa za kunyamazisha. Zinaficha mlio na kukusanya vumbi, puli zinachafuka.

Ukiutoa mkanda, zungusha kila puli kwa mkono. Yenye beringi mbovu utaihisi vidoleni kabla hujaisikia.

Mchakacho wa sekunde za kwanza

Sasa kelele ninayoiogopa kuliko mkwaruzo wa stata, ingawa watu huizoea kwa sababu inapita haraka. Injini inashika, inasikika kama mnyororo unaokokotwa juu ya bati, sekunde moja, mbili, tatu, kisha kimya. Siku nzima hutaisikia tena.

Usiku oili inashuka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Asubuhi, kabla pampu haijaipandisha, tenshena ya cheni ya taimingi haina presha ya kutosha na tapeti za oili zimelegea. Kwenye injini zenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu, gia ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) ina pini ya kuifunga isicheze wakati wa kuwasha. Pini hiyo ikichoka, gia inacheza huku na huku kwa muda mfupi hadi oili ifike.

Fuata ngazi hii, usiruke. Vuta kijiti cha oili gari likiwa mahali tambarare. Ikiwa chini, jaza, na utafute inakokwenda. Kisha angalia unene uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Injini iliyotengenezewa 0W-20 ukiijaza 20W-50 kwa imani kwamba nzito inalinda zaidi, asubuhi oili inachelewa kufika juu. Halafu filta. Ndani ya filta nzuri kuna mpira unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Filta duni mpira wake unakakamaa, na kama imefungwa kwa kulala au mdomo wake ukielekea chini, inamwaga yote usiku. Nimeshaona injini zikinyamaza kabisa kwa kubadilishiwa oili sahihi na filta nzuri, baada ya mwenye gari kuambiwa anunue cheni.

Sikiliza asubuhi kadhaa baada ya hapo. Ikiendelea, sasa zungumzia cheni, tenshena na ile gia. Ikianza kurefuka, jana sekunde mbili na leo tano, usingoje. Cheni iliyolegea inaweza kuruka meno, na kwenye injini nyingi valvu zitakutana na pistoni. Taa ya oili nayo itazame: inapaswa kuzimika sekunde chache tu baada ya kuwaka. Ikikawia au ikibaki, zima.

Ekzosi na mabati yake

Tik-tik-tik inayoongezeka ukikanyaga mafuta na kupungua injini ikipata joto, mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye manifodi, pale bomba la ekzosi linapoanzia kwenye injini. Chuma kikipanuka kinaziba ufa, ndiyo maana inapotea. Tafuta weusi wa masizi kando ya gasketi, na hesabu bolti, kwani moja iliyokatika kichwa inatosha. Usiiache, kwa sababu moshi huo unaweza kuingia ndani ya gari.

Ngurumo kubwa kuanzia sekunde ya kwanza na isiyopotea ni bomba au sailensa iliyotoboka au kuachana, na huhitaji kubahatisha, lala chini utazame gari likiwa limezimwa. Mlio wa bati jepesi unaotetema ni kile kikinga joto juu ya ekzosi. Gonga kwa ngumi ikiwa baridi, utakipata. Kleampu ya chuma inayozungushwa bomba inakishika kwa miaka.

Mlipuko mmoja, *pu!*, wakati wa kuwasha ni mafuta yasiyoungua yanayowakia mahali pasipo pake. Plagi, nyaya zilizobadilishana nafasi, taimingi.

Vishindo vya kuwasha na kuzima, gari zima likitikisika, ni maunti za injini, yaani vishikizo vyake vya mpira. Sauti inayobadilika ukikanyaga klachi: ikitokea unapokanyaga ni beringi ya klachi, ikipotea unapokanyaga ni beringi ndani ya giaboksi. Na injini baridi kunguruma mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika kisha kushuka yenyewe si ugonjwa.

Kelele mbili ambazo ukizisikia hupigi stata tena

Ya kwanza ni *ndu!* moja na injini inakwama, hasa baada ya kupita kwenye maji mengi. Maji hayabanwi. Yakiwa ndani ya silinda, kila unapopiga stata tena unapinda konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti. Fungua sanduku la filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, ndipo uzungushe injini maji yatoke. Simama pembeni, yanaruka kwa nguvu.

Ya pili ni mdundo mzito wa kugonga, wa chini, unaofuata mwendo wa injini na kuongezeka ukikanyaga mafuta. Pistoni iliyolegea kidogo hugonga ikiwa baridi na kunyamaza ndani ya dakika chache, na gari la namna hiyo laweza kwenda muda mrefu. Lakini mdundo unaobaki injini ikiwa moto, au unaoambatana na taa ya oili, ni beringi za konrodi. Gari hilo livutwe, lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani, kwa sababu beringi zikibadilishwa mapema krankshafti inaweza kupona, na konrodi ikikatika inatoboa bloku.

Ukiamua kumpelekea fundi, usimpelekee asubuhi gari likiwa limeshawaka. Lipeleke jioni, lilale kwake, na umwombe asiliwashe mpaka mtakapokuwa wote. Mwonyeshe ile video, umwambie sekunde kelele inapoanza na inapoishia, ulichokwisha kupima na namba ulizosoma kwenye mita. Akitaka kubadilisha kifaa, mwombe akuonyeshe alichokiona au kukipima. Kile kilichotolewa kisitupwe mpaka msikilize pamoja gari likiwashwa baridi kesho yake.